Sehemu ya 11: Kamera ya milioni au simu yako yenye ufa?

 Kwa wageni: mimi ni nesi, nafanya kazi wodi ya wazazi hapa Morogoro, na huu ni mfululizo wangu wa mambo ya mama na mtoto. Sehemu iliyopita tuliongelea manjano ya watoto wachanga. Leo tunaongelea picha. Usikimbie, utaona mwenyewe kwamba hatujaenda mbali na wodi.

Kuna dada ameniandikia inboksi. Ana mimba ya wiki 33, ya kwanza. Yeye na mume wake wamevunja kikoba wakapata 1,200,000, na mume anataka wanunue kamera, zile kubwa za kubadilisha lenzi, kabla mtoto hajafika. Hoja ya mume ni kwamba mtoto anazaliwa mara moja, na simu zao zote mbili ni za bei ya chini, picha zinatoka na ukungu. Dada ananiuliza: kweli picha za simu yangu hazitafaa? Sitaki mwanangu akikua aniulize mbona picha zake mbaya.

Meseji hii nimeisoma mara tatu, maana picha ndiyo starehe yangu. Kuna wanaofuga kuku, kuna wanaoshona vitambaa, mimi napiga picha. Sina studio wala silipwi. Napiga watoto wangu wawili, majirani, mama mkwe akichambua mchele, milima ya Uluguru mvua ikiwa inashuka. Nipo pia kwenye grupu moja la wapenda picha, wengi ni wanaume, na humo kila wiki lazima watu wagombane: je, kinachofanya picha iwe nzuri ni kifaa au ni ubunifu wa mpigaji? Wanagombana mpaka usiku wa manane. Mimi nikiwa zamu ya usiku nasoma kwa pembeni nacheka.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisubiri. Kwa mama anayetaka kumbukumbu za mwanawe, kamera ya gharama sicho kitu anachokosa. Anakosa vingine, nitavitaja. Lakini sitaki pia kuwa kama wale wa "kifaa hakina maana kabisa, ni jicho tu." Hao nao wanatudanganya, na nitakuambia nimejuaje.

Shemeji yangu ana kamera ya maana. Lenzi mbili, mfuko wake, stendi yake, kila kitu. Mwaka jana alisafiri kikazi akaniachia wiki mbili nzima. Nikajaribu makusudi: kitu kilekile, saa ileile, nakipiga kwa simu yangu halafu kwa kamera ya shemeji.

Jioni tulikuwa na sendofu ya binti wa jirani, ukumbi wenye taa hafifu za rangirangi. Pale kamera ilishinda mbali sana, hata mashindano hayakuwepo. Na si uchawi. Ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga, na cha kamera kubwa kina eneo mara nyingi zaidi ya kile cha simu. Ni kama kukinga maji ya mvua. Mvua ikiwa kubwa, kikombe kinajaa na beseni linajaa. Yakiwa manyunyu, beseni linakupa maji ya kunawa, kikombe kinakupa matone. Gizani simu inakuza kile kidogo ilichokinga, ndiyo maana unaona zile chengachenga na nyuso zimelainika kama udongo. Mtoto anayekimbiza mpira saa 12 jioni, kamera. Mwanafunzi wako yuko jukwaani mbali kule siku ya mahafali na wewe umekaa kiti cha nyuma, kamera, tena na lenzi ndefu. Hapo ubunifu wako haukusaidii, shosti. Huwezi kubuni mwanga ambao haupo.

Sasa mchana wake. Mwanangu wa pili amekaa barazani juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakula embe, juisi inashuka mpaka kwenye viwiko. Nikapiga kwa simu, nikapiga kwa kamera. Nikapeleka zote mbili studio wakanichapia saizi ya albamu, nikamwekea mama mkwe mezani, nikamuuliza: mama, ipi ya kamera ya gharama? Akavaa miwani, akaziangalia, akasema, "Mimi naona embe tu." Nikamwambia achague basi moja aitunze. Akachukua ya simu. Kwa nini? "Huyu anacheka, huyu mwingine kama anaogopa."

Na ni kweli. Nilipotoa ule mdude mweusi, mtoto aliacha kula akaanza kuushangaa. Simu ameizoea, kwake simu ni kama mkono wa mama. Hilo kwenye grupu letu la wapenda picha sijawahi kusikia mtu analijadili. Wanajadili ukali wa lenzi.

Jambo la pili nililoligundua kwenye zile wiki mbili: siku nyingi kamera ilikaa kwenye mfuko. Sokoni sikwenda nayo, naogopa vibaka. Jikoni sikuingia nayo, naogopa mafuta. Watoto wakimwagiana maji uani, ambapo ndipo picha ilipo, naogopa maji. Simu yangu yenye ufa haiogopi chochote, imeshaanguka mara ngapi sijui. Shemeji mwenyewe ana kamera hiyo mwaka wa tatu sasa, na picha nyingi za mwanawe amepiga mke wake kwa simu. (Shemeji ukiisoma hii, nakupenda bado.)

Haya mabishano ni ya zamani kuliko sisi. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak kule Marekani ilitoa kamera iliyoitwa Brownie. Kilikuwa kisanduku cha kadibodi, bei yake dola 1, na waliitangaza kama kitu ambacho hata mtoto anaweza kukitumia. Kabla ya hapo kupiga picha kulikuwa kwa wenye studio na wenye hela. Kisanduku kile karibu hakikuwa na cha kurekebisha: unalenga, unabonyeza, basi.

Miaka 35 baadaye, kamera ya aina hiyo ilifika Bamako, Mali, mikononi mwa kijana aliyekuwa anajifunza useremala. Alipewa na mzee wa ukoo wake aliyetoka safari ya Senegal. Kijana anaitwa Seydou Keïta. Mwaka 1948 alifungua studio pale Bamako. Baadaye alipata kamera kubwa zaidi, sitakuficha, hakuishia kwenye kisanduku. Ila angalia vitu vingine alivyotumia. Nyuma ya watu alitundika shuka lake la kitandani. Taa yake mara nyingi ilikuwa jua la uani. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi mtu mmoja alipigwa mara moja tu. Picha moja! Sisi tunapiga 40 za mtoto amelala, zote sawa.

Leo picha zake zinatundikwa kwenye majumba makubwa ya makumbusho Ulaya na Marekani. Ukizipata mtandaoni, angalia mikono ya watu. Alikuwa anapanga mikono. Mama amekaa, vidole vimetulia juu ya gauni, unaona kabisa huyu mtu amejiandaa, ameheshimiwa. Mimi nikiziangalia simuwazi mwenye kamera, nawawazia wale waliokaa. Naona kama nawafahamu.

Sasa kuna kitu wauza kamera hawatakuambia, na kinatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Kwa miaka mingi filamu za rangi za Kodak, zile zilizokuwa bora na za gharama, zilipimiwa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kwanza aliyepigwa. Studio za kuchapa zilipanga mitambo yao mpaka Shirley atoke vizuri. Matokeo yake, mtoto mweusi akikaa pembeni ya mzungu kwenye picha moja, mzungu anaonekana vizuri, mtoto mweusi anabaki meno na macho. Filamu hizo zilikuja kuboreshwa zaidi, na kwa maelezo ya watu waliofanya kazi Kodak wenyewe, msukumo mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani rangi kwenye matangazo. Yaani chokoleti ilisikilizwa kabla ya wanetu!

Nimelitaja hili kwa sababu bado linatukuta, tena kwenye simu. Unamvisha kichanga shali jeupe, kofia nyeupe, unamlaza kwenye shuka jeupe, unapiga, uso unatoka mweusi ti, pua huioni. Unasema simu mbovu. Si mbovu. Kamera yoyote inakadiria mwanga wa eneo zima. Ikiona weupe mwingi inadhani pana mwanga mkali, inapunguza, na anayelipa ni mtoto. Dawa yake: gusa uso wa mtoto kwenye skrini kabla ya kupiga. Kwenye simu nyingi itatokea alama ya jua, isukume juu kidogo mpaka uone uso. Au badilisha nguo: mlaze kwenye khanga au kitenge chenye rangi ya kati. Kitenge cha kijani kilichopauka ndicho ninachokipenda zaidi, ngozi ya mtoto inang'aa juu yake kama kahawa iliyotoka kukaangwa. Hilo halinunuliwi dukani, ni kujua tu.

Na mwanga. Mnakumbuka kwenye manjano niliwaambia mtoto akaguliwe kwenye mwanga wa mchana? Kila siku wodini nasogeza vichanga dirishani, maana taa zinadanganya rangi. Namgeuza, nabonyeza ngozi ya paji la uso kidogo, naangalia. Miaka imepita nafanya hivyo, na hapo ndipo nilipojifunza kupiga picha, sijasomea popote. Dirishani naona kila kitu: vinyweleo vya shavuni, mikunjo ya kiganja, ngozi inayobanduka kwenye vifundo vya miguu. Ukimweka mtoto ubavu wake uelekee dirisha, upande mmoja wa uso unang'aa na mwingine una kivuli laini. Picha inakuwa na umbo. Ukimweka dirisha liwe nyuma yake, anakuwa kivuli. Ukitumia taa ya darini, anakuwa na mabaka chini ya macho kama mlinzi wa usiku.

Nyumba zetu nyingi madirisha ni madogo, najua. Tumia mlango. Kaa ndani hatua moja au mbili kutoka kizingitini, kwenye kivuli, mtazame nje. Au varandani chini ya bati. Saa 1 hadi saa 3 asubuhi ni nzuri, na kuanzia saa 11 jioni. Jua la saa 6 linakunja macho ya mtoto na linampiga vivuli vibaya, na kichanga hana kazi na jua hilo hata bila picha. Siku ya mawingu usiikatae, mawingu yanalainisha mwanga. Piga magoti au lala chini kabisa, kamera iwe usawa wa macho ya mtoto. Usivute kwa vidole, sogea wewe.

Na kabla ya yote, futa lenzi. Jamani. Simu ya mama ina mafuta ya kupikia, ina uji, ina losheni, imeshikwa na mtoto mwenye ubuyu. Ule ukungu anaoulalamikia mume wa dada yetu, naweka rehani kofia yangu ya unesi kwamba robo tatu yake ni uchafu wa lenzi. Pindo la khanga safi, sekunde tano. Afanye hilo kwanza, ndipo tuongelee 1,200,000.

Sasa nisikie vizuri hapa, maana nimesifia ubunifu na ubunifu nao una mipaka yake. Kuna mitindo ya picha za vichanga inazunguka mtandaoni, mtoto wa siku saba amekaa ameegemeza kidevu kwenye viganja vyake kama anawaza mkopo. Mama zangu, mtoto wa siku saba hawezi kubeba kichwa chake. Picha zile wataalamu huzitengeneza kwa kuunganisha mbili: kwenye moja mtu mzima ameshika kichwa, kwenye nyingine ameshika mikono, halafu mikono ya mtu mzima inafutwa kwenye kompyuta. Ukijaribu nyumbani, hakuna wa kufuta ajali. Usimvue nguo zote kwa ajili ya picha, kichanga anapoteza joto haraka kuliko unavyodhani, na njiti ndiyo kabisa. Usimweke kwenye kapu juu ya meza. Usimwachie maua na vitambaa vya mapambo karibu na pua akiwa amelala. Hata simu, usiinyanyue moja kwa moja juu ya uso wake kwa mkono mmoja wenye usingizi, nimeona paji la uso lililovimba kwa simu.

Flashi je? Haimpofushi mtoto kama wanavyosema mtaani. Ila inamshtua, na inamfanya aonekane amepakwa unga, kwa hiyo mimi huizima. Lakini kuna jambo moja la flashi nataka ulibebe. Kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, mboni za macho mara nyingi hutoka nyekundu. Ukiona jicho moja jekundu na lingine lina weupe katikati, kama jicho la paka usiku, na ukalirudia kwenye picha nyingine ukaliona tena, mpeleke mtoto hospitali wakamwangalie macho. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Inaweza kuwa mwanga umeingia kwa pembeni tu. Inaweza kuwa mtoto wa jicho. Inaweza pia kuwa saratani ya jicho ya watoto wadogo, na hiyo ikikamatwa mapema maisha yanaokolewa, mara nyingi na jicho pia. Wazazi huligundua hili kwenye picha za kawaida za nyumbani, zile za simu. Zile filta za kulainisha na kusafisha macho zinaweza kulificha kabisa. Ndiyo maana picha za watoto sizipendi filta. Ngozi umeing'arisha, manjano yamepotea, jicho umelirekebisha, halafu unanitumia inboksi unaniuliza mtoto anaonekanaje. Nitajuaje?

Kuna mama mmoja ameniruhusu nimsimulie, na nimebadilisha vitu ili asijulikane. Alijifungua njiti. Tulimweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama tunavyofanya siku zote, na alimbeba hivyo siku baada ya siku. Simu yake ilikuwa imekufa chaji, na kwa kweli hakuwa anawaza picha. Siku moja wifi yake akaja na chakula, ana simu ndogo ya batani yenye kamera yake ile ya kubahatisha. Akapiga moja. Mama anaonekana kuanzia kidevu, mkono wake uko juu ya mgongo wa mtoto, sikio la mtoto linaonekana kwenye ukingo wa khanga. Ina ukungu. Mtoto hakufika siku ya kumi.

Miaka mitatu baadaye mama huyo alikuja kliniki na mtoto mwingine, mzima, mnene, analia kwa sauti. Nikiwa namwandikia kadi, akafungua pochi akanionyesha ile picha. Ameichapa, kama saizi ya paspoti. Aliwahi kuuliza studio kama inaweza kukuzwa aitundike ukutani, wakamwambia haikuziki, ni ndogo mno, itakuwa vigae. Hapo sitakudanganya: simu nzuri zaidi ingempa picha ya ukutani. Hilo ni jambo la kweli na mama yule analijua kuliko mtu yeyote kwenye grupu letu. Lakini pia wifi angekuwa na kamera kubwa, asingekuja nayo wodini kwenye kapu la chakula.

Huwa namkumbuka huyu mama kwa sababu nyingine: yumo kwenye picha. Mkono wake umo. Fungua simu yako sasa hivi uangalie picha 50 za mwisho za mtoto wako. Wewe uko wapi? Kina mama ndio wapigaji, kwa hiyo hawaonekani. Watoto wetu watakuja kukua na picha elfu tatu za sura zao wenyewe na mbili za mama, moja ya kitambulisho na moja ya harusi. Mpe mtu simu. Mpe mume, mpe dada wa kazi, mpe mtoto mkubwa. Mwanangu wa kwanza ana miaka 6, amenipiga nikisuka nywele za mdogo wake, amenipiga kutokea chini, pua zangu zinaonekana kama mapango ya Amboni. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za mwaka huu. Ndivyo anavyoniona yeye, kutokea chini.

(Ila wodini tuheshimiane. Usipige mama wa kitanda cha jirani, hata kwa bahati mbaya, hata mguu wake. Na sisi wauguzi haturuhusiwi kupiga wagonjwa kwa starehe zetu, kwa hiyo usinitumie meseji za "nesi weka picha za vichanga.")

Nimjibu basi dada yetu, maana wiki 33 si mbali. Hiyo 1,200,000 usiiguse kabla hujajifungua. Kuna usafiri wa usiku, kuna vifaa, kuna kupewa rufaa kwenda hospitali nyingine saa 8 za usiku, kuna upasuaji ambao hukuupanga, kuna kutafuta watu wa kuchangia damu na kuwalipia nauli. Nimeona baba anazunguka korido na simu ya gharama mkononi anatafuta wa kumkopa nauli ya ndugu wanaokuja kutoa damu. Pesa ikae mpaka siku 40 zipite, mama na mtoto wazima. Na usikimbilie hizi simu za mkopo za kulipa kila siku, maana ukichelewesha inafungwa, na ikifungwa picha zimo humohumo.

Baada ya hapo, kama hela ipo na baba bado ana hamu, mwache anunue kamera, hata iliyotumika, aliyoikagua na fundi anayeijua. Starehe si dhambi. Mtu akitoka kazini amechoka akashika kamera akatulia, ni afya pia, nami naijua afya hiyo. Ila aseme wazi kwamba kamera anaitaka yeye. Asimtwishe mtoto ambaye hajazaliwa deni la kamera.

Kitu cha mwisho, ambacho ni cha bei rahisi kuliko vyote na hakuna anayekifanya: chapisha. Simu zinaibiwa, zinaingia kwenye ndoo ya maji, memori kadi zinakufa bila taarifa. Chagua picha 10 kwa mwaka, kumi tu, peleka studio. Nyuma andika kwa kalamu ya mpira, taratibu isitoboe: jina la mtoto, tarehe, mahali, na kilo zake za siku hiyo kama unazikumbuka. Andika pia nani alipiga. Mimi nina picha ya bibi yangu akiwa amembeba mama yangu, nyuma hakuna neno hata moja, na wote waliokuwa wanajua ilipigwa wapi wameshaondoka.

Leo naingia zamu ya usiku. Maswali yaacheni hapa chini, nitajibu asubuhi nikishalala kidogo. Wale wenye picha walizopiga mlangoni au dirishani, ziwekeni na zenyewe, ila za watoto wenu tu, na zisizo na filta. Sehemu ya 12 ni kitovu: nini cha kupaka, na nini usipake kabisa.